Kijana aliyerudi kuomba programu nyingine



Tembea mtaani kwako leo baada ya Misa, utasoma majina ya watu migongoni mwa vijana wetu. Huyu amevaa jezi ya mchezaji wa Simba, yule wa Yanga, mwingine wa klabu ya Ulaya ambayo hata mji wake hajui uko wapi. Ingia kwa kinyozi, ukuta mzima umejaa picha za wanasoka. Na tangu Septemba 15, 2025, siku Alphonce Simbu alipoipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya riadha ya dunia kwa kushinda marathoni jijini Tokyo, wapo pia watoto wanaokimbizana njiani wakigombania nani awe Simbu.

Wazazi hunijia wakilalamika: "Padri, mwanangu anawajua wachezaji wote kwa majina, lakini mitume kumi na wawili hawajui." Nawaelewa. Hata hivyo, sina haraka ya kumlaumu kijana huyo. Mungu ametuumba tukiwa watu wa kutazama na kuiga. Mtoto hujifunza kutembea kwa kumtazama anayetembea, na hujifunza kusali kwa kumsikia bibi yake akisali Rozari gizani. Kijana anapomtazama mkimbiaji akivuka mstari wa mwisho na moyo wake ukaruka, ndani yake kuna kitu kizuri kinaamka. Anatambua kuwa mwanadamu anaweza kuwa zaidi ya alivyo leo.

Kinachonipa wasiwasi ni kinachofuata. Baada ya kushangilia, kijana huyo anakwenda wapi? Akitaka kuuliza namna ya kuanza, anamuuliza nani? Na akirudi mara ya pili, atamkuta mtu?

Nataka leo tutafakari maswali hayo kwa kumtazama kijana mmoja wa nchi jirani ya Kenya. Wengi mnamjua kwa ushindi wake. Mimi nataka tumtazame kabla hajashinda chochote.

Jirani mwenye medali

Eliud Kipchoge alizaliwa Novemba 5, 1984 katika kijiji cha Kapsisiywa, eneo la Nandi. Ni mtoto wa mwisho kati ya watoto wanne. Mama yake, mwalimu wa chekechea, aliwalea peke yake. Baba yao alifariki Eliud akiwa mdogo mno, hata sura yake anaijua kwa picha tu. Alipomaliza shule alikuwa akikusanya maziwa kwa majirani na kuyapeleka sokoni kwa baiskeli ili apate chochote.

Katika eneo hilohilo aliishi mtu ambaye watoto wote walimfahamu. Patrick Sang alikuwa amekimbia mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji na kushinda medali ya fedha katika mashindano ya dunia ya Tokyo mwaka 1991, Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, na mashindano ya dunia ya Stuttgart mwaka 1993. Alikuwa amesoma chuo kikuu huko Texas, Marekani, na aliporudi nyumbani alijishughulisha na kuandaa mashindano ya michezo kwa vijana wa kwao.

Wakati wa mbio za Barcelona, Eliud alikuwa na miaka 7. Unaweza kupiga picha, msomaji, mtoto wa kijijini anavyomtazama mtu wa namna hiyo akipita. Huyu hakuwa nyota wa kwenye runinga. Alinywa maji ya mto uleule na kusalimia watu wale wale. Mtoto akimtazama mtu kama huyo anajiambia: kumbe inawezekana hata kwa mtu wa hapa kwetu.

Bila shaka watoto wengi wa Nandi walimtazama Sang kwa macho hayo. Wengi waliishia hapo, kama ambavyo sisi wengi huishia hapo mbele ya mtu tunayempenda. Tunamsifu, tunaomba kupiga naye picha, kisha kila mtu anakwenda nyumbani kwake.

Alirudi

Mwaka 2001, akiwa na miaka 16, Kipchoge alijipa moyo akamwendea Sang na kumwomba programu ya mazoezi. Sang akampa mazoezi ya siku chache. Kwa mtu mwenye shughuli nyingi hilo halikuwa jambo kubwa. Vijana wa kuomba walikuwa wengi, na anayeomba huwa hagharimiki chochote kwa kuomba.

Kijana akaenda, akayafanya yale mazoezi siku baada ya siku, peke yake, bila kusimamiwa. Siku zilipokwisha akarudi kuomba programu nyingine. Akapewa, akaenda, akafanya, akarudi tena. Mambo yakaendelea hivyo kwa miezi. Baadaye Sang alipomwona akishindana akagundua kwamba kijana huyu hana hata saa ya mkononi, akavua saa yake mwenyewe akampa.

Nakuomba usimame kidogo kwenye saa hiyo. Mkimbiaji asiye na saa hajui anakimbia kwa kasi gani. Anachoka tu, na uchovu haumwambii kama leo amekuwa bora kuliko jana. Sang alipompa ile saa alikuwa amempa kijana uwezo wa kujipima mwenyewe hata mlezi asipokuwepo. Na kabla ya saa alikuwa amempa kitu cha thamani zaidi: kila aliporudi, alimkuta mtu wa kumpokea.

Yaliyofuata yameandikwa. Agosti 31, 2003 jijini Paris, Kipchoge akiwa bado na miaka 18 alishinda mita 5,000 katika mashindano ya dunia, mbele ya Hicham El Guerrouj wa Morocco na Kenenisa Bekele wa Ethiopia, watu wawili waliokuwa miongoni mwa wakimbiaji wakubwa ulimwenguni. Alipata shaba kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004 na fedha Beijing mwaka 2008.

Kisha ukaja mwaka 2012. Alikosa nafasi katika timu ya Kenya iliyokwenda Olimpiki ya London. Kwa mkimbiaji wa uwanjani mwenye miaka 27, wengi wangesema safari imefika mwisho. Yeye na mlezi wake walianza ukurasa mwingine. Mwaka 2013 alikimbia marathoni yake ya kwanza huko Hamburg na akashinda. Mwaka 2016 alichukua dhahabu ya Olimpiki huko Rio de Janeiro, katika mbio ambazo Simbu wetu alimaliza nafasi ya tano. Oktoba 12, 2019 jijini Vienna alikuwa mwanadamu wa kwanza kukimbia urefu wa marathoni chini ya saa mbili, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi kwa jinsi mbio zile zilivyoandaliwa. Mwaka 2021 alitetea dhahabu yake katika Olimpiki ya Tokyo, na mwaka 2022 jijini Berlin akaweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Katika miaka yote hiyo kocha wake alikuwa Patrick Sang yuleyule, na Kipchoge mwenyewe amesema mara nyingi kwamba Sang kwake ni zaidi ya kocha, ni mlezi wa maisha.

Msomaji wangu, tofauti kati ya shabiki na mwanafunzi ndiyo hii: mwanafunzi hurudi. Shabiki anaweza kupiga kelele kuliko mwanafunzi, anaweza hata kulia timu ikifungwa, lakini kesho yake hana la kufanya. Mwanafunzi ana kazi aliyopewa, na akiimaliza anarudi kuomba nyingine.

Vazi la Eliya

Maandiko Matakatifu yana kijana wa namna hii. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Eliya anampita Elisha akiwa shambani, analima na jozi kumi na mbili za ng'ombe. Hatoi hotuba. Anamtupia vazi lake tu na kuendelea na safari. Elisha anaacha ng'ombe na kumkimbilia. Baadaye anachinja jozi ya ng'ombe, anapika nyama kwa miti ya jembe lake, anawapa watu wale, kisha anaondoka na kuwa mtumishi wa Eliya.

Tazama anachoanza nacho: utumishi. Aliyekuwa na jozi kumi na mbili za ng'ombe anakwenda kumimina maji mikononi mwa mwingine. Kijana wa leo anayetamani kuwa bingwa anapenda vazi, lakini kumimina maji anaona ni kudharauliwa. Pale Kaptagat, kwenye kambi ambako Sang huwafundisha wakimbiaji wake, wanariadha hupeana zamu za kufagia na kusafisha vyoo. Kipchoge naye, akiwa tayari bingwa wa Olimpiki, alikuwa na zamu yake. Hakuna programu ya mazoezi inayosema kuwa kusafisha choo kunaongeza kasi ya miguu. Lakini mlezi mwenye busara anajua kuwa miguu hubeba mtu mzima, na kiburi ni mzigo mzito kuliko mawe.

Halafu soma sura ya 2 ya Kitabu cha Pili cha Wafalme. Eliya yuko karibu kuondoka duniani, na mara tatu anamwambia Elisha abaki nyuma: kabla ya Betheli, kabla ya Yeriko, kabla ya Yordani. Mara tatu Elisha anakataa kumwacha. Mwishowe anaomba apewe sehemu maradufu ya roho ya bwana wake, na vazi lile linabaki mikononi mwake. Angeridhika na kumsifu Eliya kutoka mbali, lisingemfikia kamwe.

Mlezi aliyekuwa wa pili

Jambo lingine linanigusa katika habari hii. Patrick Sang hakuwahi kupata dhahabu katika mashindano yale makubwa. Mara tatu alimwona mwingine akiwa mbele yake: Moses Kiptanui mwaka 1991 na 1993, na Matthew Birir mwaka 1992. Wote walikuwa Wakenya wenzake.

Mtu wa namna hii angeweza kuwa na uchungu. Nimekutana na watu wazima ambao walikosa walichokitaka ujanani, na sasa wanatafuta namna mbili za kujilipa. Wengine humlazimisha mtoto atimize ndoto waliyoshindwa wenyewe, mpaka mchezo unageuka kuwa adhabu. Wengine humzibia njia kijana asije akawapita. Sang alichukua njia ya tatu. Alichojifunza kwa kuwa wa pili alikitoa kwa mwingine, na akafurahi kumwona akiwa wa kwanza.

Hii ndiyo roho ya Yohane Mbatizaji. Wanafunzi wake wawili walikuwa wamesimama naye, wakimpenda na kumheshimu. Yesu alipopita, Yohane aliwaonyesha, nao wakamwacha Yohane wakamfuata Yesu (Yn 1:35-39). Hakuwavuta kanzu. Baadaye wengine walipolalamika kuwa watu wote sasa wanakwenda kwa Yesu, Yohane alisema wazi kwamba furaha yake imekamilika, na kwamba yampasa yeye kupungua ili Yesu azidi (Yn 3:26-30).

Tazama pia Yesu anavyowapokea wale wawili. Anawauliza wanatafuta nini. Wao wanauliza anakaa wapi. Naye anawakaribisha waje waone, na wanashinda naye siku ile. Bwana hakuanza kwa kuwapa masharti ya kujiunga. Alianza kwa kuwapa muda wake.

Na usidhani kuwa lazima uwe umeshinda medali ndipo uweze kumlea mwingine. Mwaka 1976 mtawa kijana kutoka Ayalandi, Bruda Colm O'Connell wa Shirika la Mtakatifu Patrisi, alifika Iten, Kenya, kufundisha jiografia katika sekondari ya St Patrick's. Hakuwa mkimbiaji wala kocha. Alianza kwa kusaidia tu, akawatazama wanafunzi wake kwa makini, akajifunza kutoka kwao, akabaki. Peter Rono, aliyeshinda mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alitoka shuleni hapo. Matthew Birir, yule aliyempita Sang kule Barcelona, naye alitoka hapo. David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1, sekunde 40 na nukta 91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 na kuweka rekodi ya dunia, alilelewa kimichezo na bruda huyo huyo. Mwalimu wa jiografia! Alichokuwa nacho ni macho ya kumwona kijana na subira ya kubaki.

Mfano wa kuigwa akianguka

Sasa niseme jambo gumu. Si kila anayetazamwa anastahili kufuatwa, na si kila anayejiita kocha ni mlezi.

Wenzetu wa Kenya wameumizwa kwa miaka mingi na habari za wakimbiaji kufungiwa kwa kutumia dawa zilizokatazwa. Miongoni mwao wamo hata waliowahi kuwa mabingwa wa Olimpiki. Kila jina kama hilo linapotangazwa, kuna mtoto mahali fulani aliyekuwa amebandika picha ukutani, na siku hiyo haelewi aibandue au aiache. Anaweza kujiambia kuwa kumbe wote ni waongo, hakuna haja ya kuhangaika. Hasara hiyo ni kubwa kuliko medali iliyorudishwa.

Wapo pia watu wazima wanaotumia ndoto ya kijana kama mtego. Binti anataka kucheza, anaambiwa nafasi ipo lakini kwa sharti la aibu. Kijana anaahidiwa kupelekwa nje, familia inauza shamba, na mtu huyo hapatikani tena kwenye simu. Mzazi, fungua macho. Mlezi wa kweli hafanyi siri na mtoto wako, hamtenganishi na wewe, hakasiriki ukiuliza maswali, na hana haja ya kukutana naye mafichoni. Akitaka siri, mwondoe mtoto siku hiyo hiyo, na ukaseme panapohusika. Neno hili linatuhusu na sisi watu wa Kanisa. Jina la padri, bruda, sista au katekista halimwondolei mtu wajibu wa kulea mahali pa wazi.

Mtakatifu Paulo alilijua hatari hili. Katika Barua ya Kwanza kwa Wakorintho anautumia mfano wa wakimbiaji kwenye uwanja: wote hukimbia, apokeaye tuzo ni mmoja, na kila mshindani hujizuia katika mambo yote kwa ajili ya taji linaloharibika. Kisha anajigeukia mwenyewe na kusema anautiisha mwili wake, asije akawa amewahubiria wengine halafu yeye akakataliwa (1 Kor 9:24-27). Kama mtume mkubwa namna ile alijihofia, sisi tunaotazamwa na watoto tujihofie zaidi.

Ni Paulo huyo huyo anayewaambia Wakorintho wamfuate yeye kama yeye anavyomfuata Kristo (1 Kor 11:1). Ona alivyoweka mpaka. Nifuateni mnapoona ninamfuata Kristo; nikimwacha, msinifuate huko. Kijana aliyefundishwa hivyo hataporomoka siku shujaa wake akianguka. Atalia, atasikitika, lakini ataendelea kukimbia, kwa sababu macho yake yalikuwa yamefundishwa kumtazama Yesu aliye mbele ya wote, kama Barua kwa Waebrania inavyotuhimiza (Ebr 12:1-2).

Na tusichanganye kuanguka na kushindwa. Agosti 10, 2024 kwenye Olimpiki ya Paris, Kipchoge, akiwa na miaka 39, aliumwa mgongo akaachia mbio njiani. Haikuwahi kumtokea katika marathoni zake zote. Alivua viatu na jezi yake akawapa mashabiki waliokuwa kando ya barabara. Hapo hakukuwa na aibu yoyote. Mtoto anayemwona shujaa wake akishindwa kwa heshima anajifunza jambo ambalo ushindi haufundishi.

Mwalimu mwenye filimbi

Katika parokia moja niliyohudumia miaka ya nyuma kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyependa riadha. Kila siku saa 12 asubuhi, kabla ya kengele ya shule, alikuwa uwanjani na filimbi yake ya plastiki na daftari dogo. Watoto waliokuja aliwaandika: nani amekimbia mizunguko mingapi, nani anakohoa, nani hajala jana usiku. Mwenye njaa alipelekwa kwake kunywa uji. Mke wake alilalamika kuhusu unga, kisha akawa anapika sufuria kubwa zaidi.

Niseme ukweli: hakutoa bingwa hata mmoja. Aliyefika mbali zaidi aliishia ngazi ya mkoa. Kwa hesabu za dunia, mwalimu yule alipoteza unga na usingizi bure.

Alipofariki, kanisa halikutosha. Waliobeba jeneza walikuwa wale watoto wa asubuhi, sasa watu wazima: fundi wa pikipiki, muuguzi, askari, mama muuza mboga, mwalimu. Mmoja wao alizungumza makaburini. Alisema nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumuuliza amelala saa ngapi. Aliyemuuliza ni mwalimu. Akasema mpaka leo huamka saa 11 na nusu alfajiri, ingawa hakimbii tena, kwa sababu bado anahisi kuna mtu anamsubiri uwanjani. Na sasa yeye mwenyewe ana kikundi cha watoto anaowasubiri.

Katika Wosia wake wa Kitume Evangelii Nuntiandi wa mwaka 1975, Papa Paulo VI, ambaye sasa ni mtakatifu, alifundisha kuwa watu wa nyakati zetu huwasikiliza mashahidi kwa hiari zaidi kuliko walimu, na wakiwasikiliza walimu ni kwa sababu walimu hao ni mashahidi. Mwalimu yule wa filimbi sidhani kama aliwahi kuusoma wosia huo. Aliuishi.

Tufanye nini?

Kijana unayenisoma, mpende shujaa wako, lakini mtafute na mlezi aliye karibu nawe. Anaweza kuwa mwalimu, fundi, mjomba, mama wa jumuiya ndogo ndogo. Mwendee kwa adabu, omba kitu kimoja kidogo unachoweza kufanya. Kifanye bila kusukumwa. Kisha rudi. Usiende na ahadi kubwa. Nenda na kazi iliyokamilika. Watu wazima wamechoshwa na maneno, lakini ni wachache wanaoweza kumfukuza kijana aliyefanya alichoambiwa.

Mzazi, usimwonee wivu mtu anayemlea mwanao vizuri. Mtoto wa mwenzio ni wako, na wako ni wa mwenzio. Mama yule wa Kapsisiywa alilea peke yake, lakini mwanawe alipata mtu wa kumwendea. Kama unalea peke yako, usione haya kumtafutia mwanao mtu mwema wa kumtazama. Umuombee, na uende ukamfahamu.

Wewe uliyefanikiwa kidogo, kijana akija kukuomba mwongozo, usimwambie "njoo wiki ijayo" mara tatu. Huenda hutakuwa na pesa za kumpa, na pengine hakuziomba. Mpe siku chache za kufanyia kazi, uone kama atarudi. Wengi hawatarudi, usivunjike moyo. Yule mmoja akirudi, awe amekukuta.

Na sisi waamini tunacho tayari chombo cha malezi haya, ila tumekigeuza kuwa sherehe. Namsema msimamizi wa Ubatizo na wa Kipaimara. Kanisa linamtaka awe mtu wa kumsindikiza kijana katika imani maisha yake yote. Sisi tunamchagua kwa ukubwa wa zawadi atakayoleta. Anaweka mkono begani mwa mtoto mbele ya askofu, wanapiga picha, wanakula pilau, na baada ya hapo hawaonani mpaka harusi. Waulize vijana wako leo mezani: msimamizi wako wa Kipaimara ni nani, na mlizungumza lini mara ya mwisho? Kama jibu ni kimya, piga simu leo. Kama msimamizi ni wewe, piga wewe kwanza.

Ndugu msomaji, kuna kijana anayekutazama. Huenda humjui kwa jina, kama yule mtoto wa Nandi alivyomtazama jirani yake akipita njiani. Bado hajajipa moyo wa kukusogelea. Siku atakapokuja, mpokee kwa ajili ya Kristo, aliyetupokea sisi tulipokuwa bado hatujui hata kuomba.

Bwana awabariki vijana wetu wanaokimbia, na awabariki wote wanaowasubiri uwanjani alfajiri. Nakutakia Jumapili njema.